Mchungaji Aliyetoka Mimbarini Kwenda Bungeni: Niliyojifunza kwa Tommy Douglas Nikiwa Saskatchewan

Mdogo wangu alikatwa mguu akiwa na umri wa miaka minane. Yalianza kama maumivu madogo chini ya goti, mguu ukavimba, ukatunga usaha hadi ndani ya mfupa, na baba alipomaliza kuuza mbuzi na kukopa kwa ndugu ili apate fedha za upasuaji, daktari alimwambia kwamba kilichobaki sasa ni kuokoa uhai wa mtoto. Ninaanza na habari hii, ingawa nimekusudia kuandika juu ya mchungaji wa Kibaptisti wa Kanada aliyefariki mwaka 1986, kwa sababu siku niliyosoma kwa mara ya kwanza kwamba Tommy Douglas naye aliugua mfupa wa mguu akiwa mtoto, nilifunga kitabu nikatoka nje kwenye baridi bila koti, nikasimama pale mpaka mke wangu akaja kuniita.

Douglas alizaliwa Falkirk, Uskoti, mwaka 1904, na wazazi wake walihamia Winnipeg, Kanada, akiwa bado mdogo. Huko ugonjwa ulimrudia. Madaktari waliona hapana njia ila kuukata mguu, maana familia haikuwa na uwezo wa kumlipa bingwa. Kwa bahati, daktari mmoja wa mifupa alipita wodini, akamtazama, akajitolea kumpasua bila malipo kwa sharti kwamba wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Mguu ukapona. Wazazi walimshukuru Mungu na daktari, na Douglas naye alishukuru, lakini alipokuwa mtu mzima alirudia mara nyingi kusema kwamba mguu wake uliokolewa kwa sadfa tu, na kwamba mtoto wa tajiri asingehitaji sadfa hiyo. Mimi nimehubiri miaka mingi juu ya uponyaji, na sikuwahi kuuliza swali hilo kwa namna hiyo: je, wale ambao yule daktari hakupita wodini kwao?

Nilifika Saskatchewan, jimbo la magharibi mwa Kanada, na familia yangu tukiwa wakimbizi. Tangu mwanzo nilipewa kuwachunga watu wa lugha yetu, Wakongo na Warundi kwa wingi, waliokuwa wakisali alasiri katika jengo la kanisa la wenyeji baada ya ibada yao ya Kiingereza. Nilikuwa nimetimiza miaka tisa hapo Regina, mji mkuu wa jimbo, wakati wazee watatu wa kanisa walipokuja nyumbani Jumapili moja jioni, wakakaa kimya kirefu wakinywa chai, kisha mkubwa wao akakohoa na kusema, “Baba Mchungaji, sisi tumekaa tukaona kwamba sauti yetu haifiki bungeni. Ungesimama wewe, ingefika.” Mke wangu ndiye aliyejibu kabla yangu: “Na kundi hili mnalikabidhi kwa nani?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Mmoja wao, kijana aliyesoma hapa, akasema kwamba jambo hili si geni katika jimbo hili, kwamba Waziri Mkuu wake aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa mchungaji kama mimi. Ndipo nilipoanza kusoma.

Douglas alifika Weyburn, mji mdogo ulio umbali wa kilomita zipatazo 110 kusini mashariki mwa Regina, mwaka 1930, akiwa na mke wake Irma waliyeoana mwaka huo huo, na akawekwa wakfu kuwa mchungaji wa kanisa la Calvary. Wakati wenyewe haukuwa wa kufungulia huduma. Bei ya ngano ilishuka hadi chini ya senti 40 kwa busheli mwaka 1932, mvua zikakoma, upepo ukaanza kubeba udongo wa mashamba na kuumwaga milangoni mwa nyumba za watu. Chini ya kanisa, katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, mchungaji alikuwa akigawa nguo na vyakula vilivyoletwa kwa treni kutoka mikoa ya mashariki. Wazee wa hapa bado wanacheka wanaposimulia juu ya samaki wa chumvi waliotoka pwani ya Atlantiki, wagumu kama mbao, ambao wakulima wa nyanda za bara hawakujua hata wawaanzeje, na wengine wanaapa kwamba babu zao waliwapigilia misumari kuzibia mapaa. Sijui kama ni kweli, lakini sisi tulioishi kambini tukipewa mahindi ya manjano tunaelewa mzaha huo vizuri sana.

Palikuwa na mazishi pia. Douglas alieleza baadaye kwamba aliwazika wanaume vijana, wenye wake na watoto wadogo, ambao wangepona kama daktari angekuwa karibu au kama wangekuwa na fedha za kwenda kwake. Mchungaji yeyote anajua kazi ile inavyokuwa: unasimama mbele ya jeneza, unasoma Zaburi, na huku unaona macho ya mjane yanakuuliza kitu ambacho Zaburi haikijibu. Septemba 1931 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Estevan, mji wa jirani, waligoma na kuandamana, polisi wakafyatua risasi, na wachimbaji watatu wakauawa. Douglas alikuwa amewapelekea wagomaji chakula. Baadhi ya waumini wake hawakufurahi.

Hapa ndipo nilipopata somo la kwanza, na lilinikera. Wazee wangu walitaka nisimame ili sauti ifike. Nami, nikijipima kwa ukweli, nilitaka kusimama kwa kuwa niliona fahari kuombwa. Douglas alikwenda kwenye siasa akiwa na orodha ya watu aliowazika. Nilijiuliza orodha yangu ni ipi, nikakuta kwamba ninayo, ila sikuwa nimeisoma: mama aliyepoteza kazi ya usafi kwa kuwa hakuwa na basi la alfajiri, vijana wawili walioacha shule kwa kuwekwa darasa lisilo lao, mzee aliyekuwa akigawanya vidonge vyake nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi kwa sababu bima ya jimbo inamlipia daktari bali gharama ya dawa anachangia mwenyewe.

Mara ya kwanza Douglas aligombea kiti cha Bunge la jimbo mwaka 1934 kwa tiketi ya chama kilichokuja kuitwa CCF, muungano wa wakulima, wafanyakazi na watu wa makanisa waliouchukia ubepari, na akashindwa vibaya. Alikuwa karibu kuacha kabisa. Kama alivyosimulia mwenyewe, msimamizi wa makanisa ya Kibaptisti alimjia akamwonya kwamba akigombea tena hatapata kanisa lingine Kanada, naye akamjibu kwamba sasa ndiyo kwanza amekipatia chama mgombea. Mwaka 1935 alichaguliwa kwenda Bunge la taifa, Ottawa, akakaa huko hadi mwaka 1944, aliporudi nyumbani kuongoza chama chake katika uchaguzi wa jimbo na kushinda viti 47 kati ya 52. Nilipowasomea wazee wangu habari hiyo walipiga makofi. Mimi nilibaki nikimfikiria yule msimamizi. Nimekaa kwenye vikao vya namna ile, na najua kwamba mtu anayetamka tishio kama hilo mara nyingi anaamini analinda kundi.

Majira ya joto yaliyofuata nilikwenda Weyburn na kijana wangu wa pili. Kanisa la Calvary halipo tena mahali pake. Jengo lilihamishwa, na siku hizi ni ukumbi wa michezo ya kuigiza na muziki unaoitwa kwa jina la Douglas. Sanamu yake imesimama juu ya bonde la mto Souris, na kilichonishangaza ni udogo wake. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, aliyefanya kazi ya kupanga chapa kiwandani kabla ya kusomea uchungaji, na aliyekuwa bingwa wa ngumi wa uzani mwepesi wa Manitoba mwaka 1922 na 1923. Ule mguu, maana yake, ndio aliosimamia ulingoni. Ndani ya ukumbi nilipanda pale ambapo nilikisia mimbari ilikuwa, nikasema maneno mawili matatu kwa Kiswahili ili nisikie sauti inavyorudi. Sauti inarudi vizuri. Dari ni ya mbao. Kijana wangu aliona aibu akatoka nje.

Inasimuliwa kwamba siku moja, kwa kukosa jukwaa shambani, Douglas alipanda juu ya mashine ya kumwagia samadi, akawaambia wakulima kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza kuhutubia akiwa juu ya jukwaa la chama cha Liberal, wapinzani wake. Sisi wahubiri tunaogopa mno kuchekesha. Tunadhani uzito wa uso ni uzito wa neno.

Alipokuwa Waziri Mkuu wa jimbo alichukua mwenyewe wizara ya afya, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo wasemaji wengi wanaporuka kutoka ahadi hadi ushindi kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Bima ya hospitali ilianza tarehe 1 Januari 1947, kwa ada ya dola 5 kwa mtu kwa mwaka na isiyozidi dola 30 kwa familia. Ilikuwa ya kulazwa hospitalini tu. Eneo la Swift Current lilikwisha kuanza, mwaka 1946, mpango wake wa kuwalipa madaktari kwa niaba ya wakazi wote, na serikali ikauacha uendelee ili uonekane unavyofanya kazi. Kisha ikangoja. Ilijenga barabara, ikasambaza umeme mashambani, ikaanzisha bima ya magari ya serikali, ikapitisha sheria ya haki za raia mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Umoja wa Mataifa, lakini bima ya daktari kwa kila mtu haikutangazwa mpaka mwaka 1959. Sababu kubwa ilikuwa fedha: serikali ya shirikisho ilipokubali kuchangia gharama za hospitali kwa sheria ya mwaka 1957, ndipo hazina ya jimbo ilipopata nafasi ya kupumua. Douglas hakutaka kuanzisha kitu ambacho mabenki yangeweza kukifunga.

Mchungaji ambaye amejenga kanisa kwa michango anaelewa hesabu hiyo kuliko mwanasiasa aliyeirithi hazina. Tulipokuwa tukichangia gari la kuwachukua wazee kwenda ibada, waumini walitaka tulinunue kwa mkopo Machi. Tulilinunua Novemba mwaka uliofuata, kwa fedha taslimu, na kwa miezi yote ile nililaumiwa. Wazee waliokuja nyumbani kwangu walikuwa na hakika kwamba nikiingia katika Bunge lenye viti 61 mambo yetu yatakwisha katika kikao cha kwanza. Niliwaambia miaka kumi na mitano. Walidhani ninatania.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jumapili iliyokuwa karibu na tarehe 1 Julai, sikukuu ya Kanada, nilihubiri kwa kutumia maisha ya Douglas kama mfano wa Msamaria mwema. Nilimpaka sifa zote. Nilisema kwamba hakuna mnyonge aliyemtazama kwa dharau. Watu walifurahi, sadaka ilikuwa nzuri, na baada ya ibada mama mmoja ambaye mwanawe ana ulemavu wa akili alingoja hadi wengine wote wametoka. Alikuwa amemshika mtoto mkono, na kwa mkono mwingine alikuwa akikunja na kukunjua karatasi ya ratiba ya ibada mpaka ikawa kama uzi. Akasema kwa sauti ya chini, “Mchungaji, umesoma alichoandika juu ya watoto kama wangu?”

Sikuwa nimesoma. Nilisoma wiki ile. Mwaka 1933, akiwa tayari ni mchungaji Weyburn, Douglas alikamilisha tasnifu ya uzamili kwa Chuo Kikuu cha McMaster, aliyowachunguzia wanawake 12 wa mji wake mwenyewe, watoto wao na wajukuu wao, akiwaita watu walio chini ya kiwango cha kawaida. Alipendekeza kwamba wanaotaka kuoana wapimwe akili na afya kwanza, kwamba wale walioonekana kuwa na upungufu watengwe kwenye mashamba ya serikali, na kwamba wenye upungufu mkubwa wafungwe uzazi. Hao walikuwa watu wa mtaa wake, pengine waliopokea nguo kutoka chumba kile cha chini ya kanisa. Mkono uliogawa nguo ndio uliokuwa ukiandika.

Ni kweli kwamba fikra hizo zilikuwa za kawaida kwa wasomi wengi wa wakati ule, na ni kweli pia kwamba hakubaki nazo. Alikwenda Ulaya mwaka 1936, akaiona Ujerumani ya Hitler kwa macho yake. Alipokuwa na mamlaka yenyewe, akiwa Waziri Mkuu na waziri wa afya, alipelekewa mapendekezo ya kuhalalisha ufungaji uzazi, akayakataa. Jimbo la jirani, Alberta, lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1928, na miaka ile ile liliongozwa na wahubiri wawili wa redioni wakifuatana, William Aberhart kuanzia mwaka 1935 na Ernest Manning kuanzia 1943 hadi 1968. Chini ya Aberhart sheria ilikazwa zaidi kwa kuondoa sharti la ridhaa kwa waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili, na haikufutwa hadi mwaka 1972, baada ya watu zaidi ya 2,800 kufungwa uzazi. Majimbo mawili yanayopakana, Biblia moja, viongozi wote wazoefu wa kuhubiri. Mtu anayeniambia kwamba mchungaji akiingia serikalini mambo yatakuwa mema kwa kuwa ni mchungaji, ninampeleka kwenye mpaka wa Alberta na Saskatchewan.

Hata hivyo, sikuona kwamba Douglas aliwahi kusimama hadharani akasema, “Niliandika, na nilikosea.” Aliliacha jambo likafa kimya. Hilo limenisumbua kuliko tasnifu yenyewe. Jumapili iliyofuata nilirudi mimbarini nikasema kwamba wiki iliyopita nilihubiri nisichokijua, nikaeleza niliyoyasoma, na nikamwomba yule mama radhi bila kumtaja jina. Wazee hawakupenda, mmoja aliniambia kwamba mtu anayetaka kura hajikosoi mbele ya watu. Mama mwenyewe hakusema lolote, ila siku hiyo alikaa safu ya mbele, mahali ambapo kwa kawaida hakai kwa sababu mtoto hupiga kelele. Alipiga kelele, kwa kweli, mpaka mwisho wa ibada.

Jambo jingine linasahauliwa. Novemba 1961, sheria ya bima ya daktari ikiwa imefikishwa bungeni lakini haijaanza kutumika, Douglas aliondoka jimboni kwenda kuongoza chama kipya cha NDP katika ngazi ya taifa. Aliyebaki na moto mkononi ni Woodrow Lloyd, mwalimu mpole asiye na vichekesho. Sheria ilipoanza tarehe 1 Julai 1962 madaktari walifunga milango, wakagoma siku 23, madaktari wengine wakaletwa kutoka Uingereza, majirani wakaacha kusalimiana. Douglas mwenyewe alikuwa amekwisha kuadhibiwa na wapiga kura wa Regina, waliomwangusha katika uchaguzi wa taifa wiki mbili kabla. Lloyd aliushinda mgomo, lakini mwaka 1964 akashindwa uchaguzi, na serikali iliyomfuata, iliyoupinga mpango, haikuthubutu kuuondoa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1966 ikaueneza, na ilipofika mwaka 1972 majimbo yote yalikuwa nao. Mwaka 2004 watazamaji wa shirika la utangazaji la CBC walimpigia Douglas kura kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Lloyd hana sifa kama hiyo, na nikiwa mtu aliyepokea makanisa mawili kutoka kwa wahubiri hodari waliohama na kuniachia madeni, ninakiri kwamba moyo wangu uko kwa yule mwalimu.

Nilisimama, hatimaye, katika kura ya uteuzi ya chama ambacho sitakitaja. Sheria za Kanada haziruhusu shirika la hisani lililosajiliwa, na kanisa letu ni mojawapo, kumuunga mkono mgombea au chama, kwa hiyo kwa miezi minne nilimwachia mwenzangu mimbari na sikuruhusu jina langu litajwe hata katika matangazo. Nilibisha hodi milangoni kwenye theluji. Nilijifunza kuzungumza dakika tatu, jambo ambalo mke wangu alikuwa ameliombea miaka ishirini. Nilishindwa kwa kura 19.

Kilichonigharimu hakikuwa zile kura. Niliporudi kwenye huduma nilikuta familia mbili, zilizomuunga mkono mwingine, hazipokei tena Meza ya Bwana kutoka mikononi mwangu. Hawakugombana nami. Walikuja, wakaimba, na sahani ilipofika kwao wakaipitisha kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Nilikwenda nyumbani kwao mara tatu. Familia moja imerudi. Nyingine inanisalimia vizuri sana, ila bado inaipitisha sahani. Nadhani Douglas aliepuka jambo hili kwa sababu hakurudi kwenye kanisa alilolichunga, na sasa ninaelewa kwa nini yule msimamizi wa mwaka 1935 alisema alivyosema, ingawa alisema vibaya.

Mwezi uliopita wazee wamekuja tena. Safari hii walikuwa wanne, na wa nne alikuwa yule mama, amekaa karibu na mlango, mtoto akichezea funguo zangu. Walisema uchaguzi mwingine hauko mbali na kwamba sasa watu wananijua. Mke wangu aliuliza swali lake lile lile, na safari hii mkubwa wao alikuwa na jina la kumtaja. Nimewaomba wanipe muda hadi baada ya Pasaka. Jumamosi hii nina mazishi ya yule mzee aliyekuwa akigawanya vidonge, na bado sijaandika mahubiri.